Kitufe cha Kubali

Kuna siku nilisafiri kutwa nzima kwenda kuchomeka waya. Nilitoka Lushoto alfajiri nimevaa koti zito, nikateremka kona za Soni mpaka Mombo, nikalivua, nikapita Korogwe na Segera, nikafika Muheza nimelowa jasho, kisha nikaanza kupanda tena kuelekea Amani na kulivaa koti lilelile. Nilipofika Zirai, kwenye kituo chetu cha kununulia viungo, nilikuta printa haichapi kwa sababu waya wake umechomoka nyuma ya meza. Mama karani aliponiona nimeinama mvunguni alisema, "Pole binti yangu. Ningejua ni huo tu, ningeusukuma kwa mguu." Nilimjibu ahsante, ila moyoni nilikuwa na hasira ya kuchemshia maharage.

Kampuni yetu inanunua iliki, pilipili manga, karafuu na mdalasini kutoka kwa wakulima wa milima hii. Ofisi kuu iko Lushoto, na vituo vinne vimetawanyika huku na huku, kila kimoja na mizani yake, kompyuta yake na karani wake. Mimi ndiye mtu wa kompyuta, peke yangu. Zirai ndiyo mbali kuliko vyote, kwani ingawa ni Usambara hiyohiyo, kati yetu na wao kuna bonde la Lwengera, na huwezi kulivuka bila kwanza kuteremka mpaka tambarare. Mtu asiyeyajua haya huangalia ramani akadhani ni safari ya asubuhi na kurudi.

Kukaa kitako sijui. Hata nikisubiri faili lifunguke natembea ofisini, nafungua dirisha, nalifunga, mpaka mhasibu ananiomba nikae maana namtia kizunguzungu. Kwa hiyo meneja aliponiita baada ya safari ile ya waya na kusema, "Fundi, hii haiwezekani. Tafuta programu ya kuziingia hizo kompyuta ukiwa hapahapa," nilipaswa kufurahi. Sikufurahi. Kwanza sipendi kuitwa fundi, kama vile natengeneza baiskeli. Pili, programu ya namna hiyo tulikuwa nayo tayari, na ndiyo iliyokuwa ikinikosesha raha.

Aliyenitangulia kazini ndiye aliyeiweka. Ilikuwa nakala ya bure aliyoitoa kwenye flashi ya mtu, kufuli zake zimevunjwa, haijapata masasisho tangu siku iliyowekwa. Neno la siri lilikuwa moja kwa vituo vyote: jina la kampuni, halafu moja mbili tatu. Kila aliyewahi kufanya kazi kwetu alilijua. Vibarua wa msimu walilijua. Mtu yeyote kati yao, akiwa popote duniani na simu yenye bando, angeweza kuingia na kufungua orodha ya wakulima wetu, yenye majina yao, namba zao za simu na vijiji wanavyokaa. Kwa matapeli wa simu, orodha ile ni shamba lililoiva. Nilizunguka vituo vyote nikaiondoa, na hata baada ya kuiondoa niliendelea kujiuliza nani aliwahi kupita humo na alichukua nini.

Basi nikaanza kuchagua. Nilisoma mpaka macho yakauma. Programu nyingi zilijisifu kwa mambo nisiyoyahitaji na kunyamaza juu ya yale niliyoyataka. Nilitaka kujua kama inadai namba ya pili kwenye simu baada ya neno la siri, kama inaandika nani ameingia na saa ngapi, na kama naweza kuiambia iikubali kompyuta yangu tu na kuzikataa nyingine zote. Nilitaka kujua pia kama wenyewe huziba nyufa haraka zinapogunduliwa au husubiri mpaka nyoka aingie. Mwisho wa wiki ya pili zilibaki mbili.

Ya kwanza ilikuwa inaingia bila kumuuliza mtu. Ukishakuwa na ruhusa yako, unafungua kompyuta ya Zirai kama unavyofungua kabati lako. Ya pili ilikuwa inabisha hodi. Kwenye skrini ya karani kinatokea kidirisha: fulani anaomba kuingia, na chini yake vitufe viwili, Kubali na Kataa. Karani asipobonyeza, hakuna kinachoendelea.

Hii ya pili niliipenda siku ileile. Nimezaliwa Vuga, na kwetu hata mkuu wa ukoo habishi mara moja akajitoma ndani. Anabisha, anasubiri, anabisha tena. Niliona nimepata programu yenye adabu. Meneja hakuona hivyo.

"Karani akiwa ameenda msibani?" aliuliza. "Akiwa kwenye mizani? Utakaa hapa unabisha mpaka lini?"

"Kompyuta ni ya kituo, na anayekaa nayo ni yeye," nilisema. "Asiingiliwe bila kujua."

"Kwa hiyo usalama wa kampuni nzima unauweka kwenye kidole cha karani."

Nilimwambia ndiyo, na kwamba kidole cha mtu anayejua anachofanya ni salama kuliko kufuli yoyote. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Akanipa wiki mbili za majaribio kwa vituo viwili, Zirai na kingine kimoja.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri, na hapo ndipo wasiwasi ulipoanza. Nilikuwa nampigia mama karani wa Zirai kumwambia naomba kuingia. Yeye ni mtu mzima, anakaribia kustaafu, mwanamke wa ushungi safi na miwani iliyofungwa kwa uzi, na alifanya kazi kwa daftari miaka mingi kabla ya kompyuta kufika. Mimi ndiye niliyemfundisha, mkono wangu juu ya mkono wake, mpaka mshale wa kwenye skrini ukaacha kumkimbia. Sasa nikipiga simu, sijamaliza "shikamoo", kidirisha kimeshakubali. Nikajaribu kubisha bila kupiga simu. Akakubali. Nikabisha saa ambayo si ya kazi, na kwa kuwa alikuwa bado pale anasubiri mvua ipungue, akakubali vilevile.

Nilipanda na kushuka ngazi za ofisi nikilifikiria jambo hilo. Ndiyo, kwetu mgeni hubisha. Lakini nani aliwahi kumsikia mwenyeji akijibu "usiingie"? Mama yangu huitikia "karibu" akiwa jikoni, amegeuzia mlango mgongo, ugali unachemka, na anayebisha anaweza kuwa mchungaji au mwizi wa kuku. Karibu hutoka kwanza, macho hufuata. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa, na hakuna aliyetuambia kwamba kwenye kompyuta mambo ni mengine.

Ningeweza kumpigia nikamweleza. Dakika kumi zingetosha. Badala yake nikataka ushahidi. Nilijiambia kwamba kati ya makarani wote yeye ndiye mwangalifu zaidi, mtu anayepima gunia mara mbili, na kwamba akijaribiwa na mtu asiyemjua atabonyeza Kataa, nami nitaipeleka habari hiyo kwa meneja na kumnyamazisha. Nilimwambia hata meneja kwamba nitafanya jaribio. Ndivyo nilivyo, nikishataka kushinda ubishi, akili hupumzika kidogo.

Nina binamu yangu Korogwe anayeuza simu. Nilimfungulia akaunti, nikaiita Mgeni ili kusiwe na udanganyifu hata kidogo, nikamwambia ampigie mama karani, aseme ametumwa na mimi, kisha aombe kuingia. Akiingia afungue orodha ya wakulima, apige picha ukurasa wa kwanza, atoke. Binamu alicheka. Alisema hii ni kazi ndogo kuliko kumuuzia mtu kava ya simu.

Haikupita robo saa picha ikawa kwenye simu yangu. Majina, namba, vijiji. Chini yake binamu aliandika kwamba mama ni mkarimu sana, amemuulizia habari za nyumbani, amempa pole ya mvua na kumwambia akifika Zirai apite anywe chai. Nilisimama katikati ya ofisi na simu mkononi. Niliona aibu, na haikuwa aibu ya mama.

Meneja alikuwa mlangoni. "Vipi lile jaribio?"

"Kituo kimoja kimeingilika," nilisema.

"Kipi?"

Nilitaka kunyamaza, lakini tuliofanya majaribio nao walikuwa wawili tu, na karani wa pili alikuwa likizo. Meneja alilijua jibu kabla sijafungua mdomo. Akaingia ofisini kwake akarudi na faili. Mkataba wa mama karani ulikuwa unaisha mwezi ule, na karatasi ya kumwongezea muda ilikuwa mezani kwake ikisubiri sahihi.

"Mtu anayempa mgeni orodha ya wakulima wetu, mimi namwongezeaje?" alisema. "Aandike maelezo yake kwa mkono, niyapate kabla ya Ijumaa. Nikishayasoma nitaamua." Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningepata pa kugombania.

Nilimwambia nitayafuata mwenyewe. Kesho yake niliteremka Soni, Mombo, Segera, nikapanda Amani, na safari hii koti nililisahau nyumbani. Njia nzima nilitunga maneno. Kwenye kona za Amani nilikuwa nimeshatunga hotuba tatu, na zote zilianza na "unajua mama".

Mvua ilikuwa imekatika. Nje ya kituo mikeka ya karafuu ilikuwa inaanikwa upya, na mama karani alikuwa akiipapasa kwa kiganja kuona imekauka kiasi gani. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanisalimu kwa Kishambaa, "Onga mshi," nami nikaitikia. Akaniuliza habari za baridi ya Lushoto, za wazazi wangu Vuga, za gari lililonileta, na kila swali nililijibu nikiwa natamani liwe la mwisho. Akaleta chai ya iliki. Nilishindwa kuinywa, nikaanza kuzungukazunguka mle ndani nikigusa vitu.

"Kaa," alisema. "Unatafuta nini humo?"

Nikakaa. Nikamwambia yote bila hotuba: kwamba yule kijana aliyepiga simu ni binamu yangu, kwamba nilimtuma kumjaribu, kwamba alifungua orodha ya wakulima na kuipiga picha, kwamba picha nimeifuta, na kwamba meneja anataka maelezo yake kabla hajaamua kuhusu mkataba. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha alivua miwani akaifuta na ncha ya ushungi.

"Ulinijaribu," alisema.

"Ndiyo mama."

"Mimi ninayejua huna kaka, nikawa nashangaa huyu anayesema 'dada yangu amenituma' ni nani. Nikasema labda ni wa upande wa mama."

"Ni wa upande wa mama."

"Basi hakunidanganya sana."

Nilimwambia kwamba hilo si la kucheka, kwamba kidirisha kiliandika Mgeni, jina langu halikuwamo, na kwamba angekuwa tapeli kweli angewamaliza wakulima wote wa Zirai. Nilijisikia nikimfokea. Mtu niliyemwamkia muda mfupi uliopita namfokea kwenye kituo chake, huku chai yake inapoa mbele yangu.

Hakunifokea. Alisema taratibu, "Niliona imeandikwa Mgeni. Najua kusoma. Lakini alisema ametumwa na wewe. Wewe ukimtuma mtu kwangu nimwambie rudi? Sikumkubalia yeye, mwanangu. Nilikukubalia wewe."

Nikaivuta ile chai, nikanywa fundo moja. Ilikuwa imepoa.

Nikamtolea karatasi ya meneja, yenye mstari wa kuandikia maelezo. Akaisogeza pembeni. Alisema hawezi kuomba radhi kwa kumpokea mtu aliyetumwa na mwenzake wa kazi, na kwamba kama kuna wa kuandika ni mimi. Alikuwa na haki. Nikaandika mimi, palepale juu ya meza ya mizani. Niliandika kwamba kosa ni langu, kwamba nilichagua programu inayotegemea mtu akatae wakati sijamfundisha mtu huyo kukataa, na kwamba nilitumia jina langu kama ufunguo halafu nikaushangaa mlango uliofunguka. Nikaweka sahihi. Niliona nimeandika vizuri, na nikaanza kupumua.

Mama karani akaichukua barua, akaisoma akifuatisha kwa kidole. Kisha akaomba kalamu. Chini ya sahihi yangu, kwa mwandiko wake ulionyooka wa daftari, aliongeza mstari mmoja: Kweli nilibonyeza mimi, na nikiombwa tena kwa jina lake nitabonyeza.

"Mama, hii usiandike," nilisema. "Hii ndiyo itakayokuondoa."

"Ndiyo kweli yenyewe. Ulitaka nini, maelezo au maneno mazuri?"

Usiku ule nililala Muheza, na kesho yake kutoka Segera mpaka Mombo nilitoa ile barua kwenye mkoba mara nyingi nisizozihesabu. Ningeweza kuiandika upya kwenye karatasi nyingine. Sahihi yake haikuwamo, ulikuwa mstari tu. Nikiupeleka, namnyima kazi. Nikiuondoa, namfanyia kwa mara ya pili nilichomfanyia mara ya kwanza, yaani kuamua juu yake bila yeye kujua. Niliwachukia wote kwa zamu: meneja, binamu, yeye na ukaidi wake. Nilipofika Soni nilikuwa nimebaki na mtu mmoja tu wa kumchukia.

Niliipeleka kama ilivyo. Meneja aliisoma amesimama. Alipofika kwenye mstari wa mwisho alikaa, akausoma tena.

"Huyu anajua anachosema?" aliuliza.

"Anajua kuliko mimi."

"Nikimwondoa yeye inabidi nikuondoe na wewe. Jina ni lako."

"Ndiyo," nilisema, na nilimaanisha.

Aliiweka barua mezani. Kisha alisema kwamba kwa Zirai hakuna mtu mwingine anayemjua kila mkulima kwa sura na kwa shamba lake, akavuta ile karatasi ya mkataba akaitia sahihi. Lakini kituo hakitaulizwa tena. Tutachukua programu ile ya kwanza, isiyobisha hodi. Nilikuwa nimeshapoteza haki ya kubisha, ila nilitoa masharti yangu na akayakubali yote: iingie kutoka kompyuta yangu na yake tu, idai ile namba ya pili ya kwenye simu kila mara, iandike kila aliyeingia na alichofungua, na orodha ya wakulima ifungwe kivyake. Karani aone alama kwenye skrini kila mtu anapokuwa ndani. Hadi leo ninaamini tulichagua vizuri. Ukiniuliza kama mtaalamu, nitakushauri ufanye hivyohivyo.

Siku ya kwanza ya kuitumia nilimpigia mama karani kumwambia mkataba umepita na kwamba sasa hatabonyeza chochote tena. Alishukuru kwa unyenyekevu, neno moja moja. Kisha nikaingia. Nilikuwa Lushoto, ukungu umeziba dirisha, na mbele yangu kulikuwa na skrini ya Zirai. Nikaanza kusogeza mshale. Kwenye simu nilisikia kiti kikiburuzwa.

"Mama, umekwenda wapi?"

"Nimesimama. Nimekuachia kiti."

"Kaa tu. Mimi siko hapo."

"Mshale unatembea wenyewe kwenye meza yangu, unafungua vitu vyangu, halafu nikae? Nikae kama nani?" Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananieleza utaratibu. "Fanya kazi yako, afisa. Niko hapa nje kwenye karafuu. Ukimaliza niite."

Alikuwa hajawahi kuniita afisa. Nikafanya haraka, nikakosea, nikarudia, nikakosea tena. Simu ilikuwa bado hewani juu ya meza yake, na nilisikia kuku wa Zirai, na mtu akimuuliza mbona amesimama nje na kazi iko ndani, na yeye akimjibu kwamba kuna mkubwa anatumia ofisi.